Nilivyochoma Soseji Ili Serikali Isimkatie Mwanangu Kituo

Mambo yaliniharibikia Jumanne, tarehe kumi Februari mwaka huu. Asubuhi nilikuwa fundi wa uzio. Jioni nilikuwa mchoma soseji wa klabu ya raga ambayo hata siishangilii.

Bila malipo.

Cheka tu. Hata mimi nacheka, ila kwa upande mmoja wa mdomo.

Naitwa Terry Plunkett, niko hapa Dubbo, mji wa wakulima. Mke wangu Leanne alifariki mwaka juzi, akaniachia binti yetu Maisie, sasa ana miaka mitatu. Shule niliikimbia mapema, kwa hiyo mambo yote ya serikali alikuwa anashika Leanne. Mimi aliniachia somo moja: serikali inatulipia sehemu kubwa ya ada ya kituo cha kulelea watoto, lakini inapima saa zako za kazi. Ukifanya kazi saa chache, na wao wanakulipia siku chache.

Hilo nililishika kama sala.

Sasa Jumanne hiyo bosi wangu, Gavan, akanivuta pembeni ya gari.

"Terry mdogo wangu, kwa ukame huu hakuna mkulima anayejenga uzio. Nitakuwa nakuita siku mojamoja."

"Siku mojamoja? Na Maisie je? Saa zikipungua wananikatia kituo."

"Jitolee basi. Kujitolea nako kunahesabika. Shemeji yangu alipita hapohapo."

"Nijitolee wapi?"

Akakohoa. Gavan ndiye mwenyekiti wa klabu.

Yaani jamaa kaninyang'anya kazi ya hela, kanipa ya bure, na mimi nikamshukuru. Tena nikampa na mkono.

Kuanzia hapo kila Jumamosi niko nje ya duka la vifaa vya ujenzi, aproni kifuani, nageuza soseji za kuchangia jezi za watoto wa watu. Kitunguu kinakaa chini, soseji juu yake, mkate unavikumbatia. Ukiweka kitunguu juu kikadondoka, mtu akateleza, hiyo ni kesi.

Mzee mmoja aliuma, akatafuna, akanitazama.

"Kijana, huyu nje kaungua, ndani bado ana kwato."

Nikamwambia alalamike serikalini.

Maisie nilikuwa namwacha kwa jirani yangu Noelene, mstaafu, mama wa watu asiye na neno.

Ndiyo, umesoma vizuri. Namwacha mtoto kwa jirani nikafanye kazi ya bure, ili serikali inisaidie nisikose pa kumwacha mtoto. Na sikuona tatizo lolote hapo.

Mwezi wa tatu Sanja, mkuu wa kituo, akanisimamisha getini.

"Terry, umesikia mabadiliko ya ruzuku?"

"Nimesikia."

"Umeyaelewa lakini? Maana wazazi wengi hapa..."

"Dada, nimeelewa. Serikali hii naijua kuliko wewe."

Nilikuwa sijasikia chochote. Tangazo lilitumwa kwenye simu, ndani ya sijui kisanduku gani kinachotaka nywila, na nywila alikuwa nayo Leanne. Sasa ningemwambiaje mwanamke mwenye kalamu sikioni kwamba sijui? Halafu nilikuwa na elimu yangu mwenyewe: wakubwa wakibadilisha kitu, ujue wamekata. Lini walibadilisha wakaniongezea mimi?

Nikaongeza na Jumapili.

Jumamosi moja narudi nanuka mafuta, Noelene kanisubiri mlangoni, uso umemng'aa.

"Leo nimempeleka Maisie bwawa la kuogelea, kazamisha kichwa mwenyewe. Katoka anacheka, Terry, kile kicheko cha mama yake hasa. Nikageuka nikidhani Leanne yuko nyuma yangu."

Tangu tumzike Leanne, kila Jumamosi nilikuwa nampeleka Maisie bwawani. Alikuwa haachi shingo yangu. Tone likimgusa usoni, analia mpaka watu wanatutazama. Sasa kazama, kacheka, na mimi nilikuwa nawekea mtu kitunguu chini ya soseji.

Nikachuchumaa. "Njoo kwa baba."

Akajificha nyuma ya mguu wa Noelene.

"Baba unanuka. Nataka kukaa kwa Noni."

"Mtoto huyo, anachoka tu," Noelene akasema, huku akitazama pembeni.

Wala hakuwa amechoka.

Mwezi wa sita nikaona basi, kama ni kuumia, hizi saa ziandikwe zitambulike. Nikaenda ofisi ya serikali ya ruzuku, nikapanga foleni, nikafika dirishani kifua mbele, aproni nimeivaa kama ushahidi. Binti aliyekuwa pale akanisikiliza mpaka mwisho, soseji zote.

"Sasa kaka, hizi saa za nini?"

"Msinikatie siku za mtoto."

"Anakwenda siku ngapi kwa wiki?"

"Tatu."

"Siku tatu hazipimwi tena kwa kazi. Tangu Januari, kila familia inayostahili ruzuku inazipata, ufanye kazi usifanye."

Januari. Gavan kanivuta pembeni ya gari Februari.

Nilitafuta mtu wa kumtukana. Nyuma yangu kulikuwa na bibi mmoja na kigari cha mtoto. Nikameza.

Basi jifunzeni kwangu, mimi ni somo la bure kama soseji zangu. Ukishaamua kwamba fulani hawezi kukupa kitu, hata akija kubisha hodi na sahani mkononi utazima taa ujifanye haupo. Mabadiliko yakitangazwa, uliza. Aibu ya kuuliza inaisha hapohapo getini.

Lakini na wao siwaachi. Mtu hawezi simu, unamtumia tangazo kwenye simu. Mke kafa, unaendelea kumwandikia yeye. Halafu mjinga niwe mimi peke yangu?

Pale dirishani sikuondoka kimya. Nilimuuliza yule binti swali moja. Akatazama kompyuta, akaenda kumuuliza mkubwa wake, mkubwa akaja, akanitazama aproni, akarudi ndani. Nikaambiwa watanipigia. Bado.

Na wewe unayesoma, swali ni lilelile, kama unajua niambie: Jumamosi zangu na Maisie, naziombea dirisha lipi?