Nadhiri kwenye Kisima cha Saruji

Laoban wa viatu, mwenye duka pale soko la Zhanxi, alituambia tena "mingtian", yaani kesho. Mzigo haukuwa tayari. Shoga yangu akasema hatukuja Guangzhou kushinda hotelini kama wagonjwa, twende ile bustani walikojenga maajabu ya dunia kwa saruji. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na Waswahili wachache sana walikuwa wamefika huko.

Nilimpenda yule mwanamke. Biashara nilimfundisha mimi. Nilimwonyesha maduka ya kuaminika, nikamtajia mawakala waongo, nikalala naye kitanda kimoja ili tubane matumizi. Mume wangu, aliyebaki Dar es Salaam, ndiye aliyesisitiza tusafiri pamoja. "Nenda na shoga yako, roho yangu itatulia," aliniambia. Nami nikajiona nimepata mume mwenye huruma.

Bustanini tuliikuta piramidi ya Wamaya, watu wa kale wa Mexico, na nyuma yake shimo kubwa la duara lenye maji ya kijani. Kibao cha Kiingereza kilieleza kwamba ni mfano wa kisima chao kitakatifu. Kile cha kweli hakikuchimbwa na mtu, ardhi yenyewe ilididimia. Walitupa humo vito, na hata watu, wakiomba mvua.

"Mzimu huu," nikasema. Kwetu Unguja mapango yenye maji yana wenyewe, na watu huenda na ubani kuweka nadhiri.

Shoga yangu hakucheka. "Mwenzangu, unadhani wa hapa anasikia Kiswahili?"

"Huyu wa saruji hasikii hata Kichina," nikamjibu, nikaenda zangu kununua maji ya kunywa.

Niliporudi alikuwa amenipa mgongo, amefunga kipande cha kitambaa kwenye uzio, anaomba. Nadhiri husemwa kwa mdomo, na yeye aliisema kwa sauti kabisa, maana nani pale angemwelewa? Nikasikia jina la mume wangu. Sikushtuka. Jina lile ukiliita Kariakoo, nusu ya mtaa inageuka. Lakini kwenye mambo ya mizimu mtu hatajwi kwa baba yake. Hutajwa kwa mama, kwa sababu mama hana shaka. Akamtaja na mama.

Mama mkwe wangu alifariki kabla sijaolewa. Jina lake ni la kizamani, hata wanangu hawalijui, tunamwita marehemu bibi tu. Mimi mwenyewe niliambiwa na mume wangu chumbani, tukiwa bado maharusi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu mimi nilikuwa nikimfunika shuka.

"Jina hilo umelipata wapi?" nikamuuliza.

Akageuka. Hakukana, na mimi nilitamani sana akane. Ningemwamini, wallahi.

"Nilimwambia akwambie," akasema. "Kila mara anasema ukirudi safari."

"Aniambie nini?" Nilikwisha kujua, ila nilitaka litoke kinywani mwake. Akageukia uzio, akakaza fundo la kitambaa chake. Hasira zikanipanda. "Yaani umesafiri na mimi, umekula na mimi, halafu unakuja kumwomba mume wangu kwa mzimu wa Wachina?"

Akatikisa kichwa, taratibu, kama anayemwelewesha mtoto.

"Mume sikumwomba, dada. Mume ninaye tangu Ramadhani iliyopita. Nimeomba mtoto."

Sheria inamruhusu wake wanne, hilo sina neno nalo. Lakini wawili wale walikaa wakapanga nani anisindikize, wakanichagulia mke mwenzangu. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Mpiga picha wa bustani akaja mbio akicheka, akidhani tunagombania nafasi. Akatushika mabega, akatusogeza tukakaribiana, halafu akatuonyesha kwa vidole namna ya kutabasamu.