Ng'ombe wa Mtu wa Kwenye Filamu

Niliacha shule darasa la sita, nikazunguka. Nimebeba vitunguu Mang'ola, nimeosha magari ya watalii, nimelinda shamba la mahindi dhidi ya tembo ambao hawakunitii hata siku moja. Kazi niliyokaa nayo kuliko zote ni ya kutafsiri filamu katika banda la video pale Karatu. Kiingereza sijui.

Hilo halikumsumbua mtu. Mwenye banda alikuwa amepata sanduku zima la filamu za zamani za Kimarekani kutoka loji iliyofungwa. Zilikuwa nyeusi na nyeupe, farasi na makofia, na vumbi kama letu la mwezi wa tisa. Nilikaa juu ya kreti la soda kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, nikiwasemea wote, wanawake na farasi wakiwemo.

Wiki ya pili nikamgundua mtu mmoja mwenye masikio mapana na jicho moja linalosinzia. Hakuwa staa. Staa alipoingia, huyu ndiye aliyemfungulia mlango. Leo ni mhudumu wa baa, kesho hakimu, keshokutwa daktari anayenawa mikono na kutikisa kichwa. Filamu moja aliuza tiketi za treni, akasema maneno manne, hatukumwona tena. Nilinunua daftari nikaanza kuandika kazi zake, maana sijawahi kumwona mtu anayehamahama kunishinda.

Siku za mnada, mchana, banda lilijaa wafugaji waliomaliza shughuli zao. Nao wakamgundua.

"Huyu si yule hakimu?"

"Ndiye," nikasema kwenye kipaza. "Uhakimu ameacha."

Kuanzia hapo nikamfanya mtu mmoja mwenye maisha mamoja, anayetoka kazi hii kwenda ile. Walimpenda. Aliyempenda zaidi ni mzee mmoja wa Nainokanoka, kijiji cha juu ndani ya hifadhi, aliyekaa benchi la mbele, rungu magotini. Siku moja alinikatisha katikati ya mapigano.

"Huyo ana mke?"

"Hatujamwona, mzee."

"Ng'ombe?"

Nikafikiri. Kwenye filamu zile ng'ombe walipita makundi kwa makundi, wote wa wengine. "Hana hata mmoja."

Mzee akasonya. "Kazi zote hizo, hata ndama! Mwambie nimempa ng'ombe jike mwekundu."

Dakika hiyohiyo yule mtu, ambaye safari hii alikuwa fundi viatu, akageuka, akatutazama usoni, akagusa kofia. Midomo ikacheza. Ningefanya nini?

"Asante sana, pakiteng," nikasema.

Banda lilishangilia. Kwa Wamasai, ukimpa mtu ng'ombe hamwitani tena majina. Mnaitana pakiteng, na ni udugu hasa. Basi kila mnada mzee akaleta habari. "Pakiteng, ng'ombe wako ana mimba." Pakiteng wake wakati huo anavunja benki. Nami najibu kwa sauti ya bwana huyo: "Nimesikia. Nikimaliza hapa nakuja."

Halafu mwenye banda akachagua filamu ambayo nilikuwa nimeiangalia asubuhi nikakosa hamu ya chai. Ndani yake wanampiga risasi, wanamzika. Niliomba tubadilishe. Akasema watu wanataka bunduki. Niliogopa kweli. Nimempokelea mtu ng'ombe kwa uongo, na leo mzee atamwona ndugu yake akifa huku uongo wangu ukibaki wazi mbele ya wenzake.

Risasi ikalia. Yule mtu akaanguka.

"Amejikwaa," nikasema.

Hakuinuka.

"Amelala kidogo. Amechoka na kazi."

Wakaja watu wawili na sepetu.

"Hawa wanapanda mahindi."

"Na yeye wanampanda?" sauti ya nyuma ikauliza. "Tuambie atavunwa lini!"

Walicheka mpaka mabenchi yakalia. Mzee akasimama. "Zima hiyo."

Ikazimwa.

"Kijana, unadhani sisi ni watoto? Mimi nafanya kazi kwenye boma la kuwaonyesha watalii. Asubuhi ni mganga, natemea mate mizizi, wananipiga picha. Mizizi yenyewe ni kuni tu. Jioni mimi ni chifu. Mtu aliye kazini namjua, na huyo hajafa, yuko kazini. Nakuuliza moja tu: habari ya ng'ombe ulimfikishia?"

Nikashindwa kudanganya. Nikasema kwamba mwongoza watalii mmoja alinisomea jina lake mwishoni mwa filamu, akamtafuta kwenye simu. Alikwishakufa kabla mimi sijazaliwa, kitandani kwake, baada ya kucheza filamu nyingi ambazo hakuna anayezikumbuka.

Mzee alikaa chini taratibu. Wazee wa rika lake wakamzunguka, shauri likaanza palepale kati ya mabenchi.

"Maiti hapokei ng'ombe."

"Huyu alipokea. Alisema asante, tulisikia sote."

"Mdomo ulikuwa wake."

"Na sauti?"

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Mimi nilikuwa natafsiri tu, wazee wangu."

"Kiingereza unakijua?" mzee akauliza.

"Hapana."

"Basi hukutafsiri. Ulisema."

Nilijaribu kujitetea. Nikawaambia mimi Mmbulu, kwetu ni kilimo, na sina hata chumba. Wiki ijayo naweza kuwa Babati. Mmoja akaniambia, "Ng'ombe hajakuuliza unalala wapi." Mwingine akauliza kama namkataa mzee mbele ya rika lake. Sikuwa namkataa. Mwenye banda naye alitaka kujua kama nitaimalizia filamu au la. Nikaimalizia, na staa akamwoa binti wa mchungaji.

Kesho yake tulifika kwenye geti la hifadhi, mzee na mimi, kwenye lori la mahindi.

"Wewe unakwenda kufanya nini juu huko?" askari akaniuliza.

"Kumwona ng'ombe wangu."

Alicheka, akamwita mwenzake aje asikie na yeye. Mzee hakucheka. Alinisukuma mgongoni kwa rungu, tukapanda tena juu ya magunia.

"Pakiteng," akasema, "anapiga mateke huyo. Usimwendee kwa nyuma."