Vikohozi Vitatu
Mtangaza vifo wa msikiti wa Michenzani alikuwa hataji jina la maiti mpaka akohoe mara tatu. Hukigonga kipaza sauti kwa ukucha, hukohoa, na hapo Thuwaiba, dirishani kwake ghorofa ya pili, huacha kukuna nazi. Barazani chini, Amour hushikilia kuwa Serikali inawatisha watu bure na barakoa zake. Raza hushikilia kuwa inaficha maradhi. Sauti ikitoka, nyembamba, isiyo na haraka, wote hutega masikio. Jina, mtaa, saa ya maziko. Maradhi hayataji. Siku moja Raza alimsimamisha njiani mtangaza vifo huyo, ambae mtaani wote wakimwita Maalim tu.

"Maalim, wewe ndo unaejua. Watu wanakufa kwa maradhi gani?"

Akaificha mikono nyuma, akajibu, "Mie naletewa majina tu."

Alkhamisi alitangaza vifo vinne, na kila jina vikohozi viliongezeka. Ijumaa ukucha haukugonga. Sauti nyengine, nzito, ikataja jina bila ya kukohoa.

"Nani huyo?" aliuliza Amour. Barazani hapana aliyelijua jina lile. Thuwaiba alibaki na nazi mkononi, bado anangojea mtu akohoe.