Mlango wa Mji wa Kukhu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mwili hunisisimka.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimevunja ungo. Baba yetu alikuwa skwota, kibarua anayeishi kwenye ardhi isiyo yake, kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale, nami nilizaliwa huko huko, katikati ya mahindi ya watu. Kaka yangu Wekesa alilelewa na nyanya yetu, kukhu, kijijini kwetu Mabanga. Kukhu alifariki kabla sijauona uso wake. Basi baba aliponituma nimsaidie mke wa Wekesa aliyekuwa amejifungua, nilifika kwa ndugu yangu wa tumbo moja kama mgeni. Tulisalimiana, kila mtu akashika kazi yake. Damu ni nzito kuliko maji, wanasema, lakini hata damu huganda isipotikiswa. Nilitamani kurudi Kitale.

Jumapili moja tulipotoka kanisani, Wekesa akatoa baiskeli yake.

"Panda," akasema. "Nikupeleke mahali kukhu alizaliwa."

Nilidhani naenda kuona kibanda kilichobomoka. Loo, mwanangu! Ukuta wa udongo ulizunguka kilima kizima, mrefu kumpita kaka yangu, na miti imeota juu yake. Mbele ya ukuta kulikuwa na handaki. Wekesa akashuka humo, akapotea kabisa. Nikawa nasikia sauti tu ikiniita kutoka chini. Akaniambia kwamba zamani za vita watu waliishi ndani pamoja na ng'ombe wao, mji mzima, na kwamba handaki lile lilichimbwa kwa majembe ya mti. Kule shambani tulistaajabia nyumba ya mzungu na trekta lake. Kumbe na sisi tulikuwa na mji!

Mlangoni, kwenye upenyo mwembamba, alikuwa ameketi mzee mmoja aliyeitwa Wanjala, akichunga mbuzi wake.

"Wekesa namjua," akasema. "Wewe msichana, ni mtoto wa nani?"

"Wa Simiyu."

"Simiyu wa nani?"

Nikamgeukia kaka yangu. Wekesa akafungua mdomo, mzee akainua fimbo. "Si nauliza yeye! Ati hajui? Hapa haingii mtu asiyejulikana."

Machozi yakanitoka. Nikarudi kwenye baiskeli, nikingoja kaka yangu anicheke. Hakucheka. Aliketi kando yangu ukingoni mwa handaki, akasema taratibu, "Simiyu ni wa Makokha. Makokha ni wa Wabwile." Jina likafuata jina, jua likituchoma. Nikikosea, ananirudisha kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Kisha akanisukuma begani: "Haya, nenda."

Nikasimama mbele ya mzee, nikayataja yote, nikamalizia na mama yake Simiyu: Nasimiyu, kukhu wetu. Fimbo ikashuka.

"Nasimiyu! Yule wa kucheka mpaka ng'ombe wanageuka?" Akainuka. "Pita, mama. Pita."

Akatupeleka kwenye mwamba mpana wenye mashimo laini, kila shimo limechimbika kwa miaka ya wanawake kusaga wimbi. "Hapa ndipo alisagia yeye, na mama yake kabla yake."

Nikaingiza mkono. Jiwe lilikuwa baridi, laini kama ndani ya kibuyu. Mwanangu, nilishindwa kuutoa. Wekesa akaweka mkono wake juu ya wangu, naye, mwanamume mzima, akalia.

"Tangu tumzike," akasema, "nimeshindwa kufika kwa hili jiwe peke yangu."

Njiani kurudi tulizungumza kama watu waliokuwa wamefungwa midomo. Nilikaa Mabanga mwaka mzima, na hata nilipoolewa upande wa Naitiri, hakuna mavuno yaliyopita bila Wekesa kuja kwangu au mimi kwenda kwake, mpaka Mungu alipomwita.

Kwa hiyo nisikilize. Mwacha asili ni mtumwa, lakini asili haimjii mtu usingizini. Ulizia watu wako, hata ukiona haya, kwani kuuliza si ujinga. Na ukiwa wewe ndiye unayejua, usimcheke ndugu yako asiyejua. Keti naye juani hadi ajue. Ukiwa na ndugu, tembea naye angali hai.

Mungu akuzidishie ndugu wa kweli, mwanangu. Popote utakapobisha hodi, wakuulize jina ili wakukaribishe.