Mara Hii Haikuwa Moyo

Siku za Yenga, yaani Jumapili, mke wangu hamezi kidonge cha maji mpaka turudi nyumbani. Tunakiita hivyo kwa sababu kinatoa maji yanayojikusanya miguuni na mapafuni mwake, na kinayatoa kwa njia moja tu, kila nusu saa. Mara ya kwanza tulipotoka alikimeza asubuhi, kama daktari alivyoandika, na matembezi yetu yote ya ufuo wa Kituku yakawa kazi ya kutafuta kichaka. Kituku hakuna kichaka. Kuna mitumbwi, samaki na watu. Mwishowe nilisimama nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa nimenyoosha kitenge kama pazia, na mama mmoja muuza samaki akapita akaniuliza, "Papa, icho kitenge ni bei gani?" Nyuma ya pazia mke wangu alicheka hadi nikaogopa.

Niliogopa kwa sababu kicheko kinakula pumzi, na pumzi ndiyo ilikuwa haba. Vali moja ya moyo wake imekaza, haifunguki vizuri. Dawa zinamsaidia, lakini kazi ya kuirekebisha inafanywa mbali na Goma, nasi tunangoja jibu. Daktari alinipa kanuni moja: akikosa pumzi, asimame palepale, akae, asitembee hata hatua moja. Niliishika kama katekisimu.

Yeye ndiye aliyetaka kutoka. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amezoea kelele za watoto hamsini, na sasa alishinda nyumbani, mtaa wa Majengo, akitazama dirisha lililotazama ukuta wa jirani. "Ule ukuta naujua matofali yote," aliniambia. Basi kila Yenga tukapanda moto, pikipiki ya kukodi, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma, tukaenda mahali penye kitu cha kuona na mwendo mfupi. Tuliona korongo weupe kando ya ziwa. Tuliona mawe ya volkano yaliyoanza kuota majani kwenye nyufa, yeye akayachunguza kwa muda mrefu kama anayesahihisha madaftari. Mimi nilitembea nyuma yake nikitazama mabega yake yakipanda na kushuka kwa kila pumzi.

"Unaniesabiya tena," alisema siku moja bila kugeuka.

"Hapana."

"Zilikuwa ngapi?"

"Makumi mbili na ine."

"Bongo, unadanganya. Umeesabia na zako ndani."

Nilimwahidi kwamba siku nitakayoona hatari, matembezi yataisha. Tulijua wote kwamba aliyekuwa na haki ya kuyafunga ni mimi, kwa sababu mimi ndiye ningemrudisha nyumbani mgongoni.

Yenga ile tulikwenda Lac Vert, ziwa dogo la kijani lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani, upande wa magharibi wa mji. Ilikuwa asubuhi, hakuna upepo, ukungu umelala chini. Tulisimama juu ya ukingo tukatazama maji yasiyotikisika. Alitaka kushuka, nikakataa. Alinuna kidogo, kisha akasema miguu imechoka, anataka kukaa.

Mawe ya kule yanakata hata kitambaa. Nikatafuta mahali laini, na hatua chache kutoka njiani nikaona kibonde kati ya miamba, chenye majani mabichi marefu kama godoro. Mimi ni mtoto wa Butembo. Kwetu bonde lenye majani ni bonde la kupumzikia, hakuna zaidi. Nilitandika kitenge, nikamlaza ameegemea begi langu, nami nikakaa juu ya jiwe kando yake. Karibu na mguu wangu kulikuwa na ndege mdogo aliyekufa, amekauka. Nilidhani ni kazi ya paka.

Baada ya muda alianza kuhema. Nilihesabu pumzi zake kwa dakika: thelathini. Kisha thelathini na sita. Akashika kichwa, akasema kinamuuma, kisha akajaribu kuinuka.

"Usiinuke," nikasema. "Tuliya. Dokta alisema utuliye."

"Kifua kinabana."

"Najua. Tuliya tu."

Nilipiga magoti, nikamshika mabega, nikamrudisha chini kwa upole. Nami nilipoinama nikahisi kichwa kinagonga, nikasema ni hofu.

Sauti ilitoka juu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage alisimama ukingoni na jembe mkononi.

"Ninyi, munalala mu mazuku? Papa, mutoshe uyo mama mule shimoni. Sasa hivi."

"Anagonjwa moyo, mama. Hapashwe kutembea."

"Nani alikuuliza moyo? Mutoshe."

Hakungoja. Alishuka, akamshika mkono mmoja, nami mwingine, tukampandisha. Njiani juu nilikuwa nikisema polepole, polepole, na yule mama hakunisikiliza hata kidogo. Tulimkalisha juu ya jiwe refu. Kisha yule mama akatoa kiberiti mfukoni, akawasha njiti, akainama ukingoni akaishusha kwenye kibonde. Moto haukuyumba. Ulizimika kama umefinywa.

"Njo ile mazuku," akasema. "Hewa mbaya inatoka chini, inakaa mu mashimo. Inaua mbuzi. Asubuhi, kama hakuna upepo, hatulale chini." Akamtazama mke wangu. "Weye ni wa wapi?"

"Wa hapa. Wa Katindo."

"Uyu bwana wako ni mugeni, hana kosa. Lakini weye, mutoto wa Goma?"

Mke wangu alikuwa ameanza kupumua. Aliangalia njiti ile nyeusi, kisha akanitazama, na uso wake ukafanya kitu nisichokitarajia.

"Kumbe haikuwa moyo," akasema.

"Nyamaza kwanza."

"Mwaka muzima, kila kitu ni moyo. Nakohoa, moyo. Nalia, moyo. Leo ningekufa kama mutu yeyote."

Akacheka. Yule mama akacheka pia, akatukemea, akarudi kwenye maharage yake.

Nyumbani nilimwambia imetosha, matembezi yamekwisha, kama nilivyoahidi. Alimeza kidonge chake cha maji, akakaa.

"Ulinishika mabega," akasema. "Nilitaka kutoka mule. Mwili ulijua. Weye ulijua kanuni."

Ilikuwa kweli: nilihesabu vizuri, nilitii vizuri, na mikono yangu ndiyo iliyomrudisha chini. Nilikuwa nimejifunza ugonjwa wake hadi nikaacha kumsikiliza yeye.

Zilipita wiki mbili kabla sijamwuliza anataka kwenda wapi. Alitaka kurudi kulekule, ashuke hadi majini. Tulifika mchana, upepo ukivuma. Nilimwacha atangulie kwenye njia ya kushuka, nami nikatazama maji, miti, chochote kisichokuwa mabega yake. Katikati ya mteremko alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Sasa ni moyo," akasema. "Tukae."

Tukakaa.