Mkono wa Kushukia Korongoni

Kuna siku moja hainitoki akilini, mwanangu. Miaka ya sitini ilikuwa ikielekea mwisho, nami nilikuwa mchumba wa Karanja, karani wa mjini, mtu wa tai na wivu. Nisikudanganye, wivu huo ulinipendeza. Nikisalimiwa na mwanamume pale kijijini kwetu Kinoo, Karanja ananuna kutwa, nami najiona malkia. Jumamosi iliyokuwa ikija, wazee wake wangekuja kwetu kupata jibu langu.

Vijana wa kanisa tukapanda lori hadi Naivasha, kutembea ndani ya korongo. Ni jangwa dogo lile: vumbi, miiba, na mwamba uliomwagwa na volkano zamani, maji yakauchonga mpaka kuta zikakaribia kugusana. Pa kushukia ni utelezi mtupu. Kiongozi wetu, mzee wa Kimaasai asiye na meno ya mbele (cheka tu), alisimama chini akimpa kila msichana mkono.

Zamu yangu ilipofika, Karanja akanivuta nyuma. "Huyu hashikwi na mtu. Baki hapa juu uchunge vikapu."

"Hata na babu huyu?"

"Hata yeye. Wewe ni wangu."

Akashuka, akaniacha. Niliwasikia wenzangu wakicheka huko chini, nikawaonea wivu mpaka machozi yakanitoka. Mama Ruthu, mlezi wetu wa vijana, alikuwa amebaki juu kwa sababu ya magoti. Akaniambia polepole, "Msichana wangu, leo ni korongo. Ukishaolewa itakuwa soko, halafu kanisa, halafu kwa mama yako. Nenda, vikapu nitachunga mimi."

Nikavua viatu. Mzee akanipa mkono mkavu kama kuni, nikashuka. Mwamba ulikuwa na joto chini ya nyayo. Karanja aliponiona, akanigeuzia mgongo, akatangulia mbele.

Jumamosi wageni wakaja. Kwa desturi yetu, binti hupewa kinywaji mbele ya wazee, akinywa, amekubali. Baba, mtu wa kanisa, alitia uji kibuyuni badala ya pombe.

"Mama, tunywe?" baba akaniuliza, maana nilipewa jina la mama yake.

Nikatazama. Karanja alikuwa akimkodolea macho ya wivu hata kaka yangu mdogo, aliyenipa kile kibuyu mkononi. Nikakiweka chini bila kunywa.

Mwanangu, mtu akikuonea wivu usikimbilie kufurahi. Angalia kwanza amekukataza kwenda wapi. Na Mungu akujalie mwenzi atakayetangulia kushuka, ageuke, akunyooshee mkono.