Mama Njeri na Vifungo vya Ubao wa Theluji

Tuliondoka mji wetu wa Champlin Jumamosi asubuhi kwa sababu Njeri, mwenye miaka kumi na miwili, alimwambia mama yake asimfuate tena kilimani anakoteleza kwenye theluji na kukaa garini akimpungia mkono mbele ya wenzake. Mama Njeri, muuguzi Mkenya aliyenipangisha chumba nilipokuwa mwanafunzi, alifikiri kidogo. "Sawa," akasema. "Basi nitateleza." Ubao wa kutelezea kwenye theluji alikuwa ameupata kwenye bahati nasibu ya kanisa, ila haukuwa na vifungo vya kushikilia buti.

"Wewe utanisaidia kuchagua," akaniambia. "Mimi nita-drive."

Mji jirani wa Plymouth, duka la vifaa vya theluji. Muuzaji, kijana mwenye nywele za kijani, alieleza kwamba lazima kwanza ajue mguu upi utatangulia. Humsukuma mteja kidogo mgongoni na kuangalia anakanyaga kwa upi. Akasukuma. Mama Njeri hakusogea. Kijana akaomba radhi, akasukuma kwa mikono miwili.

"Mimi huinua wagonjwa kila siku," Mama Njeri akamweleza kwa upole.

Wakaitwa wauzaji wengine, kisha mteja mmoja mnene. Mama Njeri hakutikisika. Mwishowe nikaambiwa nijaribu mimi, Mtanzania.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikasukuma.

"Marahaba," akajibu, akageuka kunitazama. Mguu wa kulia ukatangulia. Muuzaji akashusha pumzi.

Kulikuwa na vifungo vya kukanyaga vikajifunga vyenyewe, na vya mikanda. "Mkanda nauona umeshika," akasema Mama Njeri. "Hicho kingine nitakiamini vipi?" Muuzaji akamchagulia vya mikanda, vilaini, kwani vigumu humtesa anayeanza.

Kilimani, mchana. Alikaa kwenye theluji, akafunga mikanda, akasimama, akaondoka. Alishuka wima, mkoba begani, akiwaomba watu njia, mpaka akaingia mbele kabisa ya foleni ya lifti ya kupandia juu. Mzee mmoja akalalamika.

"Sijaruka foleni," Mama Njeri akamwambia. "Nimefika tu."

Watu wakacheka. Njeri alikuwa foleni hapo na rafiki yake, aliyemuuliza huyo ni nani.

"Mama yangu," Njeri akasema, akaenda kumfungua mikanda.

Tulirudi jioni. Nilikuwa nimejifunza kwamba vifungo huchaguliwa kwa mguu na buti, si kwa rangi, na kwamba namna ya kusimama ubaoni huulizwa dukani. Njeri alikaa mbele, akimwonyesha mama yake kwa viganja jinsi ya kukata kona. Mama Njeri aliachia usukani ili amwige vizuri, mpaka nikamsihi, kwa heshima zote, atufikishe nyumbani kwanza.